Giza la Saa Moja Kasorobo

Sidi mwanangu,

Mambo ya blanketi, maji ya kuchemsha na wezi wa simu wa Nairobi mamako ameyamaliza tangu juzi, na mengine ameyarudia mara mbili. Mimi sitayagusa. Nina jambo moja tu, nalo ni la kazi. Ningeweza kulisema leo tulipokuwa tukila, lakini mimi jambo likiwa zito huliandika. Nimefanya hivyo tangu kabla hujazaliwa, na mdomo wangu umezoea kupumzika.

Jambo lenyewe ni ile picha yako ya Karisa.

Nitaieleza kama ninavyoandika habari, kama vile hukuwepo, ingawa wewe ulikuwepo na mimi sikuwepo. Jumanne ya wiki jana Mzee Kombo alitoka kusali magharibi, akawa anavuka barabara ya vumbi iliyo nyuma ya soko letu hapa Kisauni. Karisa, dereva wa tuktuk, akamgonga. Mzee amevunjika mguu chini ya goti. Yuko hospitali, anakula, anawagombeza wauguzi. Wewe ulikuwa unatoka dukani. Uliita watu, mkamkalisha mzee vizuri, muuza nazi akamwegemeza gotini, na mlipokuwa mnangoja gari ukatoa simu ukapiga picha moja. Ndani yake mzee ameketi na shati lake jekundu, tuktuk imepinda pembeni, Karisa amejishika kichwa, na barabara inaonekana nyeupe mpaka kwenye kona. Ni picha nzuri. Nisingesema hivyo kama si kweli, unanijua.

Ukaiweka mtandaoni. Asubuhi ilikuwa imeshafika mbali kuliko habari yoyote niliyoandika mwaka huu. Ulinisomea maoni ya watu wakati wa chai. "Barabara nyeupe pee namna hii, alikuwa anaangalia nini?" "Huyu alikuwa na simu mkononi, wallahi." "Anyang'anywe leseni, tumechoka." Na ukanisomea ujumbe wa huyo mhariri unayekwenda kumfanyia kazi, aliyesema kwamba mwanga umeushika kama mtu wa miaka kumi kazini. Ulifurahi, nami nikafurahi. Kisha nikakuomba unitumie picha yenyewe, ile ya asili, ukanitumia bila kuuliza sababu.

Sababu ni hii. Karisa anasema hakumuona mzee mpaka alipokuwa mbele ya kioo. Ameambiwa muongo na watu ambao hawakuwepo, na wanaloshika mkononi ni picha yako. Afisa wa polisi mwenye faili lake ameichapa kwenye karatasi na kuiweka humo. Wiki ijayo ataamua kama faili litakwenda mahakamani.

Picha ya asili huandika mambo yake ndani, na hayo nimeyasoma. Ilipigwa saa kumi na mbili na dakika hamsini na moja jioni. Simu yako ilijiweka yenyewe kwenye hali ya usiku, na jicho lake likakaa wazi sekunde tatu.

Sekunde tatu, Sidi. Jicho la Karisa halikupewa hizo.

Sasa niache hapo kidogo nikueleze makosa yangu, kwa sababu jambo hili sikulijua kwa akili. Nililijua kwa kukosea, tena mara mbili, kila mara kwa upande wake.

Mara ya kwanza nilikuwa bado napiga picha za harusi ili nilipe kodi. Nikaitwa Likoni, harusi ya uwanjani, wageni wamekaa chini ya anga ya zambarau ambayo ukiiona unanyamaza. Mimi nikawasha flashi. Nilikuwa nayo mpya na nilitaka ionekane. Nilipopeleka picha, nyuso zote zilikuwa nyeupe kama unga, na nyuma yao palikuwa peusi tititi. Hakuna anga, hakuna minazi, hakuna uwanja. Baba wa bibi harusi akazitazama moja moja, akazipanga tena, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kijana, kwani harusi yangu ilikuwa ndani ya pango?"

Nikaapa sitatumia flashi tena jioni. Ndipo nikakosea upande wa pili, na hapo hakucheka mtu.

Sijawahi kukusimulia habari za Bi Saumu. Alikuwa akikaa Ziwa la Ng'ombe, akiuza mahamri na mbaazi. Mtaani kwao ile taa ndefu tunayoiita mulika mwizi ilikuwa imekufa miezi mingi, na mtaro ulikuwa wazi bila kifuniko. Jioni moja alitumbukia humo akavunjika kifundo cha mkono. Wakaazi walikuwa wamelalamika mpaka wamechoka. Alinijua kwa kuwa nilikuwa nikinywa chai kwake, akanipigia simu. "Mwanangu, njoo uchukue giza letu ulitie gazetini, labda watalisoma."

Nikaenda. Safari hii nilikuwa na kamera nzuri na miguu mitatu ya kuisimamishia. Nikaingoja ile saa ambayo jua limezama na anga bado ina rangi, nikaacha kamera wazi sekunde thelathini. Unajua kilichotokea. Kitaa kimoja cha kibatari kwenye kibanda cha sigara kiliimwagia njia yote dhahabu. Anga ikawa buluu. Nguo kwenye kamba zikaonekana hadi mishono. Watu waliokuwa wakipita wakigusa ukuta kwa mkono wasianguke hawakuonekana kabisa, maana anayetembea mbele ya kamera iliyo wazi sekunde thelathini hafanyi alama. Ukaonekana mtaa mtulivu, unaong'aa, hauna mtu. Nikaandika habari ya giza, na juu yake likawekwa pambo hilo.

Wiki mbili baadaye kulikuwa na mkutano wa wakaazi kwenye ukumbi wa shule. Afisa mmoja aliyetumwa kuwasikiliza alikuja na gazeti letu amelikunja kwapani. Alipochoka kusikiliza akalifungua, akalinyanyua juu.

"Hili ndilo giza mnalolilia? Mbona mimi naona mtaa wa harusi?"

Ukumbi ulicheka. Hata waliokuwa wakilalamika walicheka, maana picha ilikuwa imependeza na kila mtu alikuwa akitafuta nyumba yake. Mkutano ukaisha hivyo. Suala la taa likawekwa nyuma ya mambo mengine.

Bi Saumu alinikuta mlangoni, mkono wake ungali kwenye plasta. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, nilikuita uje uchukue giza. Wewe umetuletea mwanga ambao hatuna."

Nikamjibu jibu ambalo mpaka leo silipendi. "Bi Saumu, kamera ndivyo ilivyoona."

"Kwani kamera inakaa hapa?" akasema. "Nani aliyeiita kamera? Mimi nilikuita wewe."

Ungedhani hapo nilikwenda ofisini nikaandika mistari miwili: picha tuliyochapisha ilichukua nusu dakika, macho ya mtu hayaoni hivyo, mtaa ule ni mweusi. Mistari miwili tu. Sikuandika. Nilikuwa na sababu zangu na zote zilikuwa na sura nzuri. Nilisema habari imeshapita. Nilisema afisa yule angetafuta kisingizio kingine. Ukweli ni kwamba mhariri aliisifu ile picha, ikatiwa kioo, ikatundikwa ngazini pale ofisini, na kila nilipopanda niliiona. Niliona aibu kuikana picha iliyosifiwa. Taa ilikuja baada ya misimu miwili ya mvua. Bi Saumu alikuwa ameshahama, na sikumtafuta.

Nililolifanya ni kubadilisha namna ya kufanya kazi, jambo ambalo halikumsaidia yeye hata kidogo lakini lilinisaidia mimi. Tangu hapo kila ninapopiga picha jioni, kabla ya kupiga namuuliza mtu wa pale, "Hapa ulipo unaona nini?" Jibu lake naliandika kwenye daftari pembeni ya namba ya picha. Watu hudhani nimepungukiwa. Mlinzi mmoja wa Miritini aliniambia, "Mzee, kwani wewe huoni?" Nikamwambia mimi nitaondoka, yeye atabaki. Akafikiri, akasema, "Basi andika naona sigara ya mwenzangu kule, yeye mwenyewe simuoni." Nilichezea kamera mpaka kioo chake kikaonyesha sigara bila mtu. Ilichukua nusu saa. Mhariri aliipokea, akanipigia, "Hii ni picha au kipande cha kaniki?" Tulibishana. Ikachapishwa ndogo, ukurasa wa ndani. Mlinzi aliikata akaihifadhi.

Nikaanza kulipenda giza kama mtu anavyopenda mchezo wa bao. Nikagundua kwamba picha nyeusi tupu nayo ni uongo, kwa sababu jioni haiwi nyeusi. Inapungua kitu baada ya kitu, na kila kitu kina zamu yake. Nilikuwa sijaipima zamu hiyo kwa dakika mpaka juzi, na hapo ndipo ulipotushangaa mimi na mamako.

Unakumbuka jioni tatu mfululizo tulitoka, nawe ukauliza tunakwenda wapi, mamako akasema tunakwenda kununua viazi karai? Viazi tulinunua. Lakini kwanza nilimpeleka pale Mzee Kombo alipogongwa, nikamsimamisha ukingoni mwa barabara amejitanda leso nyekundu, na mimi nikasimama kule Karisa alikotokea, hatua thelathini, na daftari na saa. Jioni ya kwanza hakunielewa kabisa.

"Wewe baba Sidi, umenisimamisha njiani kama nimesusiwa. Watu wakiniuliza niseme nini?"

"Sema unamsubiri mumeo."

"Mume wangu huyo kule anaandika, hata hanitazami!"

"Nakutazama. Ndiyo kazi yenyewe."

Kijana wa bodaboda akapunguza mwendo, akasema, "Shikamoo mama, umeachwa? Panda nikupeleke." Mamako akamwambia, "Marahaba. Nenda zako, mimi ni barabara ya kupimia." Sijui alitaka kusema nini, lakini kijana alicheka mpaka kwenye kona.

Haya ndiyo niliyoandika, na jioni zote tatu yalikuwa karibu sawa. Jua lilizama saa kumi na mbili na dakika ishirini. Dakika kumi na tano baadaye niliona leso nyekundu, na maandishi yake nikijua yapo. Dakika tano zaidi, wekundu ukageuka kahawa. Saa moja kasorobo, karibu na dakika mzee alipogongwa, haukuwepo tena. Mamako alikuwa kitu cheusi mbele ya ukuta mweusi. Lakini ndoo ya buluu aliyoiweka miguuni niliendelea kuiona, tena ilionekana kung'aa kuliko mchana, na pindo jeupe la leso lilielea peke yake kama mstari wa chaki. Ilinichukua jioni mbili kuamini. Jicho la binadamu linaanza kwa kupoteza nyekundu. Umri wangu wote nimepita katika saa hiyo na sikujua kwamba nyekundu ndiyo ya kwanza kwenda.

Saa kumi na mbili na dakika hamsini na moja, dakika yako, sikumuona mamako kabisa mpaka alipotikisa ile leso.

Dakika hiyohiyo nikampiga picha kwa simu, hali ya usiku, sekunde tatu. Akaja kutazama. Alikuwa mwekundu kama nyanya, amesimama kwenye barabara nyeupe, na maandishi ya leso yanasomeka.

"Mbona hapa nimependeza hivi," akasema, "na wewe kule unasema hukuniona?"

"Sikukuona."

Akatazama simu, akatazama barabara, akatazama simu tena. Kisha akasema, "Shati la Mzee Kombo lilikuwa jekundu."

Hapo hakuuliza tena kwa nini anasimamishwa. Jioni ya tatu alinihimiza yeye tusichelewe.

Nataka unielewe vizuri nisichosema. Sisemi Karisa hana kosa. Huenda alikuwa mbio. Huenda taa yake ya mbele ilikuwa hafifu. Zipo tuktuk nyingi hapa ambazo taa zake zinafaa kuwekwa kaburini. Huenda alikuwa na simu mkononi kama wanavyodai. Hayo yote yanaweza kupimwa na wenye kazi yao, nami sina habari nayo. Picha yako pia haina habari nayo. Inaweza kumwambia mtu kwamba mzee aliketi hapa, tuktuk ilielekea kule, muuza nazi alikuwepo. Jambo moja haiwezi kulisema, nalo ni kiasi cha mwanga kilichokuwepo. Na hilo moja ndilo watu wote wanalolisoma ndani yake, na afisa mwenye faili pia.

Wala sisemi ulidanganya. Ulibonyeza mara moja, simu ikafanya mengine bila kukuuliza. Mimi nilipokosea nilikuwa nimeichagua ile nusu dakika mwenyewe, na niliijua. Wewe hukuijua mpaka ulipofika kwenye barua hii. Ndiyo maana naona haya kidogo kuiandika, maana mpaka aya chache zilizopita ulikuwa huna lawama.

Najua pia itakavyokugharimu. Unakwenda kwenye chumba cha habari ambacho kinakujua kwa picha hiyo moja. Mhariri wako amesifu mwanga wake. Siku ya kwanza kazini ni vibaya mtu kuanza kwa kusema mwanga uliosifiwa haukuwepo. Huenda akakuheshimu, huenda akakuona msumbufu. Mimi wahariri wangu walikuwa wa aina zote mbili, na sikuweza kuwabashiri hata mmoja. Sitakudanganya kwamba ukisema kweli watakupigia makofi.

Nilifikiri pia kama nifanye mwenyewe, nikae kimya, wewe upande treni na furaha yako. Asubuhi ya leo nilikwenda kituoni na daftari. Afisa ni mtu wa heshima, mkavu, ana meza safi. Nikamwonyesha nilivyopima. Akasoma yote, hata ndoo ya buluu.

"Haya ni mazuri," akasema. "Lakini haya ni ya leso ya mkeo. Picha iliyo kwenye faili si yako."

"Si yangu."

"Aliyeipiga yuko wapi?"

"Yupo. Ila hajui kama anahitajika."

Akanitazama. Nadhani alijua. Hapa kwetu nani asiyejua mtoto wa nani ana simu gani. "Basi mwambie," akasema. "Aje na simu aliyopigia, aseme saa, aseme ilikaa wazi muda gani, aseme yeye kwa macho yake aliona nini. Tutaandika. Asipokuja, mzee, mimi sina ila kusoma kinachoonekana. Na kinachoonekana ni barabara nyeupe."

Sikumtajia jina lako. Hilo nililishika.

Angalia alivyosema, "kwa macho yake aliona nini." Hilo sijakuuliza, na katika barua hii yote ndilo ninalotamani sana kulijua. Wewe ulikuwa pale dakika ile. Ulimuona mzee ulipotoka dukani, au ulisikia kishindo kwanza? Shati ulijua ni jekundu ulipomshika, au ulipolitazama kwenye simu? Sikutaka kukuuliza mezani kwa sababu ningekuwa nakuuliza kama baba, na ungejibu kama mtoto. Sikiliza jibu lako mwenyewe kwanza, peke yako. Kama uliona vizuri, basi uliona vizuri, na leso ya mamako haina uzito mbele ya hilo. Liseme hivyohivyo. Simtetei Karisa. Nataka tu kilichoandikwa kiwe kilichoonekana.

Treni yako ni ya kesho saa tisa alasiri. Ofisi ya afisa inafunguliwa saa mbili asubuhi, na kutoka hapa mpaka pale ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Saa moja u nusu nitakuwa nimekaa ukumbini, nimeshavaa viatu. Ukitoka na simu mkononi tutakwenda, nitakaa nje kwenye benchi wakati unaandikisha. Ukitoka na begi tutakwenda stesheni mapema, tutakunywa chai kule, na sitakuuliza kitu njiani, wala stesheni, wala ukirudi.

Begi nitakubebea kwa vyovyote vile.

Babako